Kunywa Kahawa Yako, Abu Rakan

Ukitaka kujua siku ilivyokwenda katika ofisi ya mji wa Umm Jarin, usimwulize meya. Meya atakwambia mambo ni shwari, na lini aliwahi kusema vingine? Mwulize Jaza, mpika kahawa, yule mwenye bega moja lililoshuka kwa kubeba dele, birika la kahawa, miaka nenda miaka rudi. Jaza atakwambia ni finjani zipi zilinywewa na zipi alizimwaga kwenye sinki zimepoa, na hapo utakuwa umeelewa kila kitu: nani kapata kazi, nani kaongeza ghorofa bila kibali, nani kafutiwa faini, na nani karudi kwake uso umemshuka.

Maana kwetu mwenye haja hapigi magoti. Anakaa, anapewa kahawa chungu yenye iliki, anaipokea kwa mkono wa kulia, halafu anaiweka mbele yake na haigusi. Basi. Mwenye nyumba keshashikwa. Ama aseme "Kunywa kahawa yako," na neno hilo likishamtoka haja imepita, hakuna kurudi nyuma. Ama anyamaze mpaka finjani ipoe, na fedheha hiyo itawafuata hata wajukuu zake. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Enzi za mahema, watu walipokuwa wakichinjana kwa ajili ya kisima, iliokoa roho nyingi. Lakini hebu jaribu kuendesha mji kwa desturi hiyo, mji wenye mitaro na taka na vibali vya ujenzi, uone utakavyokoma. Au kama huna muda wa kujaribu, msikilize Mufleh.

Mufleh, ambaye watu walimwita Abu Rakan kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mkaguzi wa majengo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini na pikapu bovu la ofisi, kutazama nani kajenga juu ya njia, nani kasogeza ukuta kidogo kidogo mpaka kichochoro kimekwisha, kisha kuandika amri ya kubomoa. Aliandika nyingi. Zilizobomoa kitu ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Amri ikitoka asubuhi, kabla ya adhana ya adhuhuri wazee wa ukoo wamekwishajaa kwa meya, majoho mabegani, finjani mezani. "Kunyweni kahawa yenu, jamaa zangu." Wanakunywa, wanashukuru, na amri inaingia kwenye droo.

"Abu Rakan," Jaza alikuwa akimtania kila alipomwona anarudi na vumbi viatuni, "leo umeniletea wageni wa ukoo gani?"

"Kaa na masizi yako huko."

"Usinikasirikie bwana. Mimi na wewe kazi yetu moja. Wewe unaandika, mimi nafuta."

Mufleh alicheka, angefanya nini? Hata yeye aliingia pale kwa finjani. Baba yake, mchunga mbuzi asiyejua hata kusoma kibao cha barabarani, aliazima joho, akaenda kwa meya wa wakati ule, akaiweka kahawa mezani na kusema kijana wangu ana diploma na hana kazi. "Kunywa kahawa yako, mzee." Ndivyo walivyoingia wote: mhasibu, dereva wa katapila, hata lile kundi la wafagiaji ambao hakuna aliyewahi kuwaona na fagio. Ofisi nzima ilisimama juu ya finjani. Na hili mlishike, maana ndilo lililomponza: Mufleh alilalamika, alitukana, aliapa ataacha kazi, lakini ndani kabisa ya moyo wake aliamini kwamba finjani iliyonywewa haidanganyi.

Sasa, Umm Jarin imekaa kwenye mteremko, na katikati yake linapita korongo. Karibu mwaka mzima ni kavu, watoto wanachezea mpira humo na watu wasio na haya wanatupa magodoro. Lakini mvua ikipiga kule milimani, hata kama mjini jua linawaka, maji yanashuka na mawe na miti na chochote kilichokosea njia. Waliotutangulia walijua. Walijenga kando, wakaliachia korongo njia yake. Ghazi hakuliachia.

Ghazi ndiye mwenye ukumbi wa harusi, ule wenye taa za rangi na nguzo za plasta. Watu walipenda ukumbi wake, ila walilalamika hakuna pa kuegesha magari. Basi Ghazi akaleta malori ya kifusi, akalijaza korongo nyuma ya ukumbi, akasimamisha ukuta wa zege kuzuia kifusi kisiporomoke, akamwaga lami juu yake. Kwa ajili ya maji aliacha bomba moja ambamo mbuzi mnene angekwama. Alipoulizwa alicheka. "Maji gani? Nionyesheni maji!"

Na chini ya ukuta ule, kwenye kona ambapo korongo linapinda, ilikuwapo nyumba ya Wadha.

Wadha alikuwa dada mkubwa wa Mufleh. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemwogesha Mufleh, akamfunga kamba za viatu, akamchapa alipotoroka shule na kumlilia alipoumwa. Mume alikwishakufa, mwanawe Nayif alikuwa askari huko mpakani, naye alibaki peke yake na mkomamanga mmoja, tanuri la mikate, na ulimi mkali kuliko wembe. Siku Mufleh alipokwenda kuutazama ukuta, alimkuta amesimama uani, mikono kiunoni, shingo imeinuka.

"Umeona?" alisema. "Maisha yangu yote namwomba Mungu bwawa la kuogelea, leo Ghazi kaniwekea juu ya kichwa."

"Nimeona."

"Sasa, mheshimiwa mkaguzi, niambie kweli. Nihame? Kwako nafasi ipo, ingawa mimi na mkeo jiko moja mtatuzika wote wawili wiki ya kwanza. Nacheka, lakini ukisema hama, nitahama kabla ya mvua. Mimi si mkaidi wa kujiua."

"Huhami popote. Utakaohama ni ukuta."

"Una hakika?"

"Dada, hii ndiyo kazi yangu."

Akaandika amri siku hiyo hiyo. Lakini Mufleh hakuwa mjinga, alijua Ghazi atakuja na wazee wake, majoho na ndevu, na amri itaingia droo ileile. Ndipo likamjia wazo ambalo mkaguzi mwingine asingelipata. Kwa nini angoje kufutwa? Mbona yeye mwenyewe asitangulie?

Meya wetu Hayil, au Abu Shahir kwa jina la mwanawe, alikuwa mwalimu mkuu kabla ya siasa, mtu mpole, mkubwa wa mwili, asiyesahau jina la mtoto wa mtu yeyote. Kama umefiwa ni wa kwanza kufika, kama umeoa ni wa kwanza kutuma kondoo. Ungemchukia vipi? Mufleh alikwenda nyumbani kwake baada ya sala ya Ijumaa, amevaa joho la baba yake, kwani baadaye familia iliweza kumnunulia la kwake. Akapokea kahawa, akaiweka chini.

"Ala! Abu Rakan!" Hayil alishtuka kweli. "Wewe mtu wa nyumbani unaniwekea finjani kama mgeni?"

"Leo mimi ni mgeni, Abu Shahir."

"Haya, sema."

"Ukuta wa Ghazi. Ubomolewe kabla ya mvua. Dada yangu anakaa chini yake. Sijawahi kukuomba kitu tangu uingie ofisini, na sitakuomba kingine."

Hayil aliitazama finjani. Akatazama dirishani. Akazungusha tasbihi yake mara mbili tatu, kisha akatabasamu tabasamu lile lake la mwalimu anayekupa alama usiyoistahili.

"Kunywa kahawa yako, Abu Rakan."

Wallahi aliinywa kama mtu aliyetoka jangwani. Hakurudi hata nyumbani kwake, alishuka moja kwa moja mpaka kwa Wadha, joho linampeperuka, watu wakimsalimu haitikii. Alimkuta anachoma mikate.

"Nimekunywa," alisema.

Wadha aliacha unga. "Umekunywa kwa Hayil?"

"Mpaka tone la mwisho."

Dada yake akapiga kigelegele peke yake pale uani, mikono imejaa unga, mpaka jirani akachungulia kuuliza nani anaoa. Kesho yake alikwenda sokoni kununua vifaranga, maana mtu anayehama hafugi kuku, na yeye sasa alikuwa haendi popote.

Amri ilikuwapo. Ilikuwa na muhuri. Kilichokosekana ni katapila. Mara betri, mara dereva ana udhuru, mara linahitajika dampo. Mufleh alingoja kwa moyo mkunjufu kabisa. Alikuwa amekunywa, wasiwasi wa nini? Vifaranga wa Wadha wakaota manyoya. Hewa ikaanza kuwa baridi asubuhi.

Aliyemfungua macho ni Jaza, na hakufanya hivyo kwa furaha. Walikuwa jikoni pale ofisini, Jaza anakaanga buni.

"Abu Rakan, nikuulize. Wewe ulikwenda nyumbani kwa Hayil?"

"Nilikwenda. Kwani siri?"

"Ghazi naye alikwenda. Wiki ileile, na ujumbe wa watu waliojaza sebule. Mimi niliitwa kusaidia kumimina."

Mufleh alimsogelea. "Na walikunywa?"

Jaza aliendelea kukoroga buni, hakuinua macho. "Walikunywa, ndugu yangu. Niliwaongezea."

Mufleh aliingia kwa meya bila kubisha hodi. Na Hayil, nawaambieni, hakuona haya hata chembe! Alimkaribisha kiti, akamwuliza hali ya Rakan chuoni, halafu akamweleza taratibu kana kwamba anafundisha hesabu.

"Wewe uliniomba nini? Ukuta ubomolewe. Nikakwambia kunywa. Je, nimeifuta amri yako? Sijaifuta, ipo pale, ina muhuri. Ghazi aliniomba nini? Katapila lisiende kwake. Nikamwambia kunywa. Katapila limekwenda? Halijaenda. Sasa nionyeshe mtu niliyemvunjia neno."

"Na korongo, Hayil? Korongo nalo umeliambia linywe?"

"Punguza sauti. Mwaka wa ngapi huu hatujaona mvua ya maana? Ngoja msimu wa harusi upite, Ghazi apumue kidogo, tutazungumza. Mungu ni mkubwa."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Mufleh, na nilimpenda. Mtu mwenye akili timamu angetoka pale mbio, angemfungia dada yake vyombo kwenye pikapu la ofisi na kumhamisha siku hiyohiyo. Na yeye alitoka kwa nia hiyo. Alifika mpaka kwenye mkomamanga. Wadha akamvuta mkono kumwonyesha kuku wake, huyu atataga karibuni, yule jogoo ana matata kama marehemu baba yetu, na katikati ya maneno akasema, "Jirani ananiuliza sina hofu? Nikamwambia hofu ya nini, ndugu yangu kanywa."

Ungesema nini? Nimenyweshwa bure? Mimi mkaguzi wa mji, mwana wa ukoo, nimevalishwa joho nikanyweshwa kama mtoto anayedanganywa kwa peremende? Mwanamume wa kwetu atakiri wizi kabla hajakiri hilo. Ulimi wa Mufleh ulikataa.

"Katapila bovu," alisema. "Wanangoja kipuri kutoka Amman."

"Wangoje tu. Chukua mikate umpelekee mkeo, na usimwambie nimesema lolote kuhusu jiko."

Alichukua mikate. Alijiambia atamwambia keshokutwa. Keshokutwa ilipofika akajiambia Ijumaa, akiwa ametulia. Alimwambia mkewe asafishe chumba cha nyuma, bila kusema cha nani. Alikuwa karibu kabisa kusema, hilo namshuhudia.

Mvua haikunyesha Umm Jarin. Ilinyesha milimani, mchana kweupe, sisi tukiwa tunaona wingu moja jeusi kwa mbali na kusema heri leo kutapoa. Mufleh alikuwa mezani kwake aliposikia ngurumo isiyokoma. Alijua kabla mtu yeyote hajapiga kelele. Alikimbia kwa miguu, hata pikapu hakulikumbuka.

Kama ukuta usingekuwapo, maji yangepita kama yalivyopita siku zote, yangelowesha ua na kuondoka. Lakini yalikusanyika nyuma ya ule ukuta, yakapanda, yakajaza ile nafasi ya magari, na ukuta ukapasuka katikati, yakashuka yote kwa mkupuo mmoja. Jirani aliyenusurika alisema Wadha alikwishatoka. Alikuwa barabarani kabisa, salama, mtandio umemwanguka. Kisha akakumbuka kuku aliokuwa amewafungia bandani, akarudi kuwafungulia.

Walimpata kesho yake huko chini kwenye mizeituni. Mufleh alimbeba mwenyewe, hakukubali machela.

Kwenye matanga Mufleh hakulia. Nayif alikuja kutoka mpakani, akakaa na kombati zake hajui mikono aiweke wapi, na Mufleh alishindwa kumtazama. Siku matanga yalipoanuliwa alikwenda kwa mwendesha mashtaka akawashtaki wawili, Ghazi na ofisi ya mji, ofisi yake mwenyewe. Mji mzima ukapata habari kabla hajafika kwake. Na kabla wiki haijaisha, ujumbe ulikuja.

Waliokuja walijaza hema. Mbele alikuwa Hayil, nani mwingine? Ghazi alijificha safu ya nyuma, macho chini. Upande wetu, sisi wa ukoo wa Mufleh, aliyekaa katikati kama msemaji wa ukoo ni Salama, kaka mkubwa wa Mufleh, mtu mzito wa maneno, ambaye mwanawe alikuwa na ombi la kazi kwenye droo mnayoijua. Kahawa ikamiminwa. Hayil akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka mbele yake.

Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alimsifu Wadha mpaka wazee wakafuta macho. Alisema hii ni kudra ya Mungu na maji hayachagui mtu. Alisema mji mmoja ni nyumba moja. Mwisho akasema, "Tunawaomba haki yenu mmwachie Mungu, na kesi ifutwe, na kahawa hii hatuinywi mpaka tusikie neno lenu."

Mufleh alimgeukia kaka yake. Salama hakumgeukia.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema Salama. "Tumemwachia Mungu."

Hema zima likashusha pumzi. Hayil akaiinua finjani. Na haijafika mdomoni Mufleh alikwishasimama, akaipokonya vidoleni mwake, akaimimina yote chini, pale juu ya viatu vya meya.

"Hii ni ile niliyokunywa kwako," alisema. "Nakurudishia."

Lo! Ungedhani Mufleh ndiye aliyeua. Watu waliruka, watu walishikana, wazee walijifunika nyuso kwa vilemba. Kahawa ya mgeni imemwagwa! Ujumbe mzima ukaondoka na kiu yake. Mji huu huu uliotikisa kichwa na kusema kudra, kudra, siku Wadha alipozikwa, sasa haukulala. Madukani, misikitini, kwa vinyozi, hakukuwa na habari nyingine. Mwanamke kufa chini ya ukuta usio na kibali ilikuwa kazi ya Mungu. Kahawa kumwagika, hilo lilikuwa kosa la mtu, na mtu huyo alijulikana jina na ukoo.

"Umetuvua nguo mbele za watu," Salama alimfokea, wamebaki wawili hemani.

"Dada yako kafa."

"Dada yangu! Umesema vizuri. Kwani alikulea wewe peke yako? Mimi hakunipikia? Unadhani neno lile lilinitoka bila kunichana koo?"

"Basi mbona ulilisema?"

"Kwa sababu kesho tutaamka hapa hapa, Mufleh! Watoto wetu wataoa hapa, watazikwa hapa. Wewe ulitaka nini? Tuhame?"

Neno hilo lilimchoma Mufleh mahali ambapo Salama hakujua kama pana kidonda.

Basi ikabidi ukoo wetu sasa uende kuomba radhi. Ndiyo, mmesikia sawa. Waliofiwa walikwenda kwa meya kuomba radhi. Mufleh alikataa, akatukanwa, akakataa, mpaka siku moja akasema atakwenda, na watu wakamsifu kwamba amerudiwa na akili. Walikosea. Alikuwa amepita nyuma ya ukumbi wa harusi akaona mafundi wamesimamisha mbao na nondo. Ghazi alikuwa anaujenga ukuta wake upya, mnene zaidi, na safari hii kwa kibali cha dharura kutoka ofisini. Chini yake zilikuwapo nyumba nyingine, kwenye ile iliyo karibu kabisa nguo za watoto zimeanikwa. Mufleh alitaka kumwuliza Hayil swali moja mbele ya watu wote, pale ambapo hawezi kujificha.

Walipokelewa kwenye ukumbi wa mikutano wa ofisi. Madirisha yalikuwa wazi, na kutoka upande wa korongo ilisikika mashine ya kuchanganya zege ikizunguka. Wote walijifanya hawaisikii. Jaza alimimina. Salama akaweka finjani mbele yake na kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Hayil hakuwangojesha. "Kunyweni kahawa yenu, jamaa zangu. Msiba humtoa mtu akilini, nani hajui? Sisi tumesamehe."

"Na kesi imefutwa, nimeifuta mimi kama mkubwa wa familia," alisema Salama.

"Mungu akulipe heri. Basi hakuna mwenye deni kwa mwenzake."

Wakanywa wote. Mansaf ilikuwa inaletwa, harufu ya nyama ya kondoo na mtindi ikajaa chumbani, watu wakaanza kuulizana habari za mizeituni. Jaza akamfikia Mufleh aliyekaa mwisho kabisa. Mufleh aliipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake.

Mazungumzo yakakatika moja baada ya jingine, mpaka ikabaki mashine ya zege peke yake.

"Abu Rakan," alisema Hayil kwa upole. "Bado una haja?"

"Ninayo. Ukuta. Ghazi anaujenga tena. Chini yake kuna watu. Niambie mbele ya hawa wote, utabomolewa au hautabomolewa?"

Salama alifumba macho. Hayil aliitazama finjani, akatazama dirishani, akazungusha tasbihi yake. Kisha akatabasamu tabasamu lilelile.

"Kunywa kahawa yako, Abu Rakan."

Watu wakashusha pumzi tena. Wengine hata walitamka Alhamdulillahi. Meya katoa neno mbele ya koo mbili, mtu atake nini zaidi? Wote walimgeukia Mufleh, wakimngoja ainue mkono, na kwenye nyuso zao hapakuwa na ubaya wowote, walitaka tu aimalize ili wale. Ghazi naye alikuwa anangoja, kijiko mkononi.

Mufleh alisimama. Alivuta joho la baba yake mabegani, akaiacha finjani imejaa, akawapita wote kwa salamu ya kawaida, akatoka nje.

Aliacha mlango wazi. Salama alisema jambo kuhusu msiba na namna unavyochelewa kumtoka mtu, Hayil akaitikia, na sinia za mansaf zikashushwa. Watu wakakunja mikono ya kanzu. Jaza aliikuta finjani pale sakafuni, akaichukua kabla mtu hajaipiga teke, akaipeleka kwenye sinki. Alipoimwaga ilikuwa bado ya moto.